Andika Kabla ya Makofi

Nimestaafu. Kibao changu cha maksi nimemrudishia Kevo, prodyuza wetu, pamoja na kalamu na kile kitambaa cha kufutia. Akaniuliza kama ningependa kuagwa kwa keki mbele ya kamera. Nikamwambia keki nitakula nyumbani, na kamera azielekeze kwa wachezaji, tena miguuni, mahali ambapo hazikuwahi kufika vizuri miaka yote niliyokaa pale.

Haya nawaandikia nyinyi mnaokalia vile viti vitatu sasa. Najua mtayasoma kwa simu mkingoja kupakwa poda, kwa hivyo sitazunguka sana. Habari za vyeo hamtazipata hapa. Jaji wa dansi hapandi cheo, anakaa tu, na kiti chenyewe hakina mahali pa kuegemea.

Mimi nilikuwa mwalimu wa muziki katika shule ya msingi hapa Thika. Kuhukumu dansi sikukuomba. Siku moja ya mashindano ya shule, jaji mmoja akaugua tumbo, na Madam Kaur akanyoosha kidole katikati ya walimu na kusema, "Wewe. Kuja kaa hapa." Huyu Madam Kaur alikuwa mama wa Kisingasinga, familia yao ina kiwanda cha magodoro mjini, na hakuna aliyejua kwa nini mtu wa uwezo wake anakubali kukaa siku nzima kwenye ukumbi wa mabati akitazama watoto wakirukaruka. Alikuja na penseli aliyoichonga kwa wembe na chupa ya chai ya iliki ambayo hakumgawia mtu.

Kikundi cha kwanza kilipomaliza, ukumbi ulilipuka. Wazazi walikuwa wamesimama juu ya madawati. Mimi nikakaa nikisikiliza, nikitabasamu, karatasi iko nyeupe. Nikapigwa penseli kwenye vidole.

"Wewe nangoja nini?"

"Nasikiliza watu, Madam."

"Watu hapana cheza. Watoto nacheza." Akageuza karatasi yake nione. Alikuwa ameshaandika, na karatasi ameilaza kifudifudi. "Wewe andika mbele ya makofi. Makofi iko ya mama na baba. Dansi iko ya miguu."

Hiyo ndiyo shule yangu yote ya uamuzi. Ngoma ikinyamaza unaandika, unalaza, huinui tena mpaka uitwe. Nilipomuuliza baadaye jinsi ya kujua nguo zipi ni nzuri na tabasamu lipi ni la kweli, alinitazama kama anayemtazama mtu anayeuliza njia ya kwenda nyumbani kwake mwenyewe. Nguo, alisema, wewe napenda, mimi hapana penda, tutabishana mpaka kesho. Lakini mdundo hakuna kubishana. Mguu umefika na ngoma ama haukufika. Aliyepoteza mdundo unamtoa maksi moja, hata akiwa mtoto wa dada yako.

Nilikishika kile kitu kwa mikono miwili. Niseme ukweli, kazi hii inatisha mtu akiifikiria. Unakaa pale na macho yako mawili tu, na uji uliokunywa asubuhi, na mtu ambaye hajalala wiki nzima anacheza mbele yako, halafu unampa namba. Namba hiyo inatoka wapi? Mdundo ndio uliokuwa sakafu yangu. Mengine yote niliyahukumu huku nikijua kwamba ni ladha yangu, lakini mdundo niliuhukumu nikiwa nimesimama imara.

Miaka ikaenda hivyo, shule baada ya shule. Nilitukanwa na wakuu wa shule, nikaambiwa napendelea Kamenu kwa sababu ndiko naishi, na mwaka uliofuata nikaambiwa nachukia Kamenu. Madam Kaur alipofariki, mwanawe aliniletea ile chupa ya chai. Nikaijaza nyumbani, nikakuta inavuja chini. Kumbe ndiyo maana hakuwa akitugawia.

Televisheni ilinikuta nikiwa nimebakisha muda mfupi shuleni. Studio ilikuwa godauni kule Ruiru lililokuwa la chakula cha ng'ombe, na taa zikishapata moto ile harufu ilirudi, kwa hivyo mtu akija amejipulizia manukato ya bei kali, baada ya nusu saa sote tulinukia zizi. Siku ya kwanza walinipaka poda mpaka nikapiga chafya. Kiti kilikuwa kirefu, miguu yangu ikaning'inia kama ya mtoto kanisani. Kevo, ambaye kila mama kwake ni mathe, akaniambia, "Mathe, smile kidogo, hii ni TV." Nikamwambia natazama miguu, si kamera, na miguu haichekeshi.

Mezani mwa majaji kuna skrini ndogo inayoonyesha kile wanachoona watu nyumbani. Ifunikeni. Mimi niliifunika kwa skafu yangu kutoka siku ya kwanza hadi ya mwisho. Kamera inapenda sura, inapenda mama analia kwenye viti vya nyuma, na mguu unapofanya kazi ngumu kuliko zote, kamera iko kwa mama. Nimeona jaji akitoa tisa kwa dansi ambayo hakuiona, aliona nyusi.

Wenzangu walikuwa wawili. Otieno, mwalimu wa dansi, kijana mpole mwenye kofia ambayo sikuwahi kuona chini yake kuna nini. Na Shiko, mtangazaji wa redio, mwenye kicheko cha kufungua milango. Mwanzoni tulikuwa tunainua vibao pamoja, kila mtu na namba yake, tukigongana ama tukikubaliana. Halafu Kevo akaja na mambo mawili mapya. La kwanza, kabla ya kila dansi tuonyeshwe video fupi ya maisha ya mchezaji, nyumbani kwao, shida zake, piano ikilia nyuma. La pili, vibao viinuliwe kimoja kimoja, Otieno, kisha Shiko, kisha mimi.

"Kwa nini mimi wa mwisho?"

"Wewe ndio mkali, mathe. Acha watu waogope kidogo."

Sijui kama Kevo alielewa alichofanya. Nadhani hata leo haelewi. Mkiinua pamoja, kila mtu amehukumu dansi. Mkiinua kimoja kimoja, wa kwanza amehukumu dansi na wa mwisho anapiga hesabu. Anajua kila mtu ana ngapi, anajua namba yake itampeleka nani nyumbani. Hicho kiti cha tatu kutoka kushoto si cha jaji, ni cha hakimu wa kunyonga. Nilipambana nacho kwa njia moja niliyoijua. Wakati wa video nilitazama meza. Ngoma ikinyamaza niliandika, nikalaza kibao kifudifudi, na hata wenzangu wainue nini, changu kilibaki kilivyo. Shiko alizoea kunitania, "Mwalimu hata nyumba iungue hageuzi kibao." Watu walicheka. Mimi nilifurahia, wacha niseme. Nilijiona safi.

Sasa nifike kwa Wanjiru.

Fainali ilikuwa Jumapili mchana, moja kwa moja hewani. Waliobaki walikuwa wawili. Mmoja ni Brian wa Kahawa Sukari, mwanafunzi wa chuo, kijana msafi, mwenye adabu, mama yake amekuja na mtaa mzima. Alicheza vizuri na hakuna mahali pa kumlaumu katika habari hii. Alipata nane, tisa, na yangu nane. Ishirini na tano.

Wa pili ni Wanjiru wa Kamenu. Alikuwa akishona katika kiwanda cha nguo Ruiru, na alikuwa ameomba ruhusa ya mashindano mpaka msimamizi akamwambia akitoka tena asirudi. Akatoka. Alikuwa na goti bovu. Mshindi angechukuliwa na kikundi cha dansi kinachozunguka nchi za nje, na kikundi hicho kina daktari wao, kwa hivyo kushinda kwake kulikuwa kazi na goti kwa pamoja. Kushindwa kulikuwa mwisho, kwa sababu goti lenyewe lisingebeba msimu mwingine. Haya yote yalisemwa kwenye video. Mimi nilitazama meza, lakini masikio hayana kifuniko.

Alicheza mwomboko, ile dansi ya Wakikuyu ya kodiani. Si ule wa wazee wenye kofia kwenye sherehe za Mashujaa, ni wa kwake, ameuchanganya na vitu vya vijana, lakini kodiani ilikuwa ile ile na ile pete ya chuma inayogongwa ilikuwa ile ile. Mnaujua mwomboko: hatua mbili, unainama, unainuka. Atiriri, yule msichana alikuwa anateleza. Kichwani nilikuwa nimeshamweka kwenye nane, nane nzima isiyo na shaka. Kisha karibu na mwisho akainama, na badala ya kuinuka na kodiani, akabaki chini. Pete ikagonga peke yake. Mdundo mzima ukapita bila yeye. Halafu akainuka na kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Niliona goti. Nilijiambia, goti limemkatalia, amepoteza mdundo. Ngoma ikanyamaza, nikatoa moja, nikaandika saba, nikalaza kibao. Ndipo makofi yakaanza, na yalikuwa makofi ya kutingisha mabati.

Otieno akainua tisa. Shiko akainua tisa, analia wazi wazi, poda inamtoka.

Hesabu hiyo hata mtoto wa chekechea angeifanya. Kumi na nane. Nane yangu ingemfikisha ishirini na sita, ameshinda. Saba ingewaweka sare, na wakiwa sare kura za simu ndizo huamua, na mtaa wa Brian ulikuwa na simu nyingi na vocha za kutosha. Kevo akaagiza zile ngoma za kuchelewesha. Watu wakaanza kupiga kelele, "Kumi! Kumi!" Kitambaa cha kufutia kilikuwa karibu na mkono wangu, kalamu iko wazi. Chini ya meza Shiko alinikanyaga mguu, na hakuwa amekosea mahali pa kuweka kiatu.

Nilifikiri, nikifuta sasa, nahukumu nini? Nahukumu msimamizi wa kiwanda. Nahukumu goti, na piano ya Kevo, na mtaa wetu wa Kamenu. Dansi nimeshaihukumu kabla ya haya yote. Nikageuza kibao.

Mtu mmoja nyuma alisema tu, "Woi." Kura zikahesabiwa, Brian akashinda, karatasi za rangi zikamwagika kutoka juu, na zingine zikamwangukia Wanjiru pia kwa sababu alikuwa amesimama karibu.

Alinikuta nje, pale magari yanapoegeshwa. Alikuwa amevaa sweta juu ya nguo za dansi. Nilijiandaa kutukanwa, kwa maana nimetukanwa na watu wenye sababu ndogo zaidi.

"Mwalimu, nilikosea wapi?"

"Ulipoteza mdundo. Pale chini, karibu na mwisho."

"Sikupoteza."

"Niliona, mama."

"Najua uliona. Lakini sikupoteza."

Nikamwambia alitunze goti lake. Hilo ndilo nililopata la kumwambia. Katika miaka yangu yote hakuna mchezaji aliyewahi kukubali kwamba amepoteza mdundo, wote husema ni spika, ni sakafu, ni kiatu. Nikamweka katika kundi hilo, nikaenda zangu.

Kamenu hawakunisamehe. Mama anayeniuzia sukuma alinipimia bila kuniangalia, kisha akashindwa kuvumilia. "Yaani wewe Mwalimu, hata wa kwetu?" Wengine walisema nimenunuliwa. Hayo hayakunikosesha usingizi, nilikuwa na jibu lake: niliandika kabla ya makofi. Kilichonikosesha usingizi ni rekodi.

Niliitazama kwa simu nikitaka kuiona ile saba. Asubuhi ya kwanza nikaiona, saba kabisa, amepoteza. Asubuhi nyingine nikaona nane. Nikazima sauti, ikawa nane. Nikarudisha sauti, saba. Siku moja nimetoka kunywa uji mtamu na jua limetoka, nikampa tisa, Ngai, tisa! Dansi ni ile ile, haijabadilika hata ukucha. Sasa hapo jaji ni nani, mimi ama uji? Nilikuwa nimejiaminisha kwamba namba yangu, kwa kuwa niliiandika mapema na peke yangu, ilikuwa namba ya dansi. Kumbe ilikuwa namba ya Jumapili ile, saa ile, ya mwanamke aliyekuwa ametazama goti.

Nilihukumu misimu mingine miwili baada ya hapo, na hamkujua, kwa sababu uso wangu ni ule ule. Lakini mkono ulikuwa mzito. Kuna siku mwaka huu ngoma ilinyamaza, mchezaji akainama kushukuru, ukumbi ukaanza kupiga makofi, nikatazama kibao changu kikiwa cheupe. Nilikuwa nawasikiliza watu. Nikajua kazi imeisha, na wiki hiyo nikamwambia Kevo.

Hakukupita muda Wanjiru akanipigia simu. Sikujua ana namba yangu. "Mwalimu, nasikia umepumzika. Kuja huku Kimbo Jumamosi uone watoto wangu wakicheza." Nilitaka kusema nina shughuli. Sikuwa na shughuli yoyote.

Ni ukumbi wa kanisa la mabati nyuma ya maduka ya vifaa vya ujenzi. Siku za wiki anashona yunifomu katika kibanda hapo karibu. Anatembea akiburuta mguu, goti limekauka, halikunjiki. Anafundisha akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, kwa mikono na kwa sauti, na kila hatua anayotaka inabidi aieleze kwa maneno kwa sababu hawezi kuionyesha. Alinipa kiti kama chake. Tukanywa chai. Hakunisema kwa lolote, na ningefurahi kama angenisema.

"Haya, wacha cucu, nyanya yenu, awaone," akawaambia watoto, akabonyeza simu yake. Kodiani.

Walikuwa laini mbili, wengine na viatu, wengine bila. Hatua mbili, wanainama, wanainuka. Niliijua ile dansi kabla haijafika mbali, nimeitazama mara nyingi kuliko yule aliyeitunga. Tukakaribia ule mwisho. Wakainama. Na wote, laini zote mbili, kuanzia yule mrefu hadi kale kadogo kasiko na meno ya mbele, wakabaki chini. Pete ikagonga peke yake ndani ya kanisa. Hakuna aliyetikisika. Mdundo mzima wakauacha upite, wakiusikiliza, kisha wakainuka pamoja kama mtu mmoja.

Pale hapakuwa na goti bovu hata moja.

Sikuweza kuinua macho. Nilitazama kikombe changu. Hakuwa amepoteza kitu; alikuwa ameinyamazia ngoma makusudi ili tuisikie pete, na mimi niliyekaa karibu kuliko wote, skrini nimeifunika, masikio yamefunzwa na Madam Kaur mwenyewe, nilisikia kosa. Na aliniambia. Alisimama mbele yangu na sweta yake akaniambia.

Watoto walikuja wakinizunguka wanahema. "Cucu tupatie maksi! Cucu tupatie kumi!"

"Mwachane na cucu," Wanjiru akasema. "Cucu amestaafu. Endeni mkanywe maji."

Wakaenda. Alikuwa anakunja kitambaa juu ya paja, anakikunjua, anakikunja tena. Kisha akauliza bila kunitazama, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya uzi.

"Na ile yangu, Mwalimu? Ungeiona leo, ungeipa ngapi?"

"Nane," nikasema.

Akatikisa kichwa kukubali, polepole.

"Nane ingenitosha."

Kisha akapiga makofi mara mbili, na watoto wakarudi mbio kwenye laini.